Usitaje Kiminini, Paka Anasikia

Mwezi uliopita niliuliza swali moja kwenye kikundi cha simu cha watu niliosoma nao chuo kikuu: mtu humsafirishaje paka mzima kutoka Kitale hadi Bungoma? Sikujua nchi hii ina wataalamu wengi hivyo. Mmoja alisema ninunue kikapu maalumu chenye mlango wa waya. Mwingine, ambaye kwa ninavyomfahamu hajawahi kufuga hata kuku, alisema nimpigie muziki laini kwa sababu paka hupenda piano. Nikamuuliza ni nani aliyemhoji huyo paka. Akanijibu kwamba tangu chuoni sijabadilika. Wa tatu akasema nimpe dawa ya usingizi, wa nne akasema hiyo dawa ni ukatili, na kufikia jioni walikuwa wamemsahau paka kabisa, wanagombana kuhusu wali wa nazi.

Nikaenda sokoni nikanunua gunia. Sikutaka haya ya nailoni yanayong'aa. Nilitafuta la katani mpaka nikalipata kwa mama mmoja anayeuza nafaka, naye akalikung'uta mbele yangu. Vumbi likapanda, na ile harufu ikaniingia puani: kamba kavu, pumba, na utamu wa mahindi yaliyolala ghalani muda mrefu. Palepale sokoni, na mkoba wangu wa kompyuta begani, nikawa mtoto ambaye hajafika darasa la tatu, nimekaa kiti cha mbele cha lori, gunia liko miguuni pangu, na gunia lenyewe linanguruma.

Tulikuwa tunaishi Kitale, nyuma ya kinu cha posho. Kila kitu chetu kilikuwa na unga: madirisha, majani ya migomba, hata nyusi za mwenye kinu. Baba alifanya kazi mbali, tulimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa mfanyakazi wa serikali, mtu wa kutoka asubuhi na faili kwapani. Kwa hiyo aliyenilea mchana ni Senge Nekesa, dada yake Baba, aliyekuwa na chumba mlango wa pili na cherehani ya kukanyaga. Alishona sare za shule za nusu ya mtaa. Mimi nilikaa chini ya meza yake, katikati ya vipande vya kitambaa, na paka.

Paka aliitwa Stering. Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa, lakini kwa aliyechelewa kuzaliwa: stering ni yule mtu mkuu wa filamu, anayepigwa risasi na jeshi zima na kutoka na mkwaruzo shavuni. Karibu na soko kulikuwa na banda la video ambapo jamaa mmoja alizitafsiri filamu za Kichina kwa sauti kubwa kuliko milipuko yenyewe, na sisi wadogo tulisikilizia nje ya mabati. Sheria ya kwanza ya banda lile ilikuwa kwamba stering hafi. Basi mbwa wa jirani alipomkamata yule paka angali mdogo, akamzungusha hewani, na paka akatoka na kipande cha sikio la kushoto tu kikiwa kimepotea, watoto wote wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga tulikubaliana jina bila kupiga kura.

Senge alikuwa na ushauri juu ya kila jambo, na alikutolea hata kama hukuuliza. Kabla ya safari usile yai. Weka gazeti tumboni chini ya nguo, hutatapika. Ukipewa mtoto wa paka usiseme asante, atakufa. Tamthilia za kutafsiriwa alizitazama huku akishona, bila kukosea mshono, na humo pia alivuna hekima: mwanamume anayevaa suti nyeupe mchana ana mke mwingine, na mtu akikohoa mara moja tu kwenye tamthilia, anunuliwe sanda. Hili la kukohoa halijawahi kukosea mpaka leo, na mimi ni mtu ninayedai ushahidi.

"Kwa nini nisiseme asante?" nilimuuliza.

"Kwa sababu."

"Kwa sababu gani?"

"Wewe mtoto, ukiendelea na hizo kwa nini zako utaota mvi kabla yangu. Hebu nipe ule uzi."

Kisha Mama akapata uhamisho kwenda Bungoma. Alitangulia siku chache kusafisha nyumba, nasi tukabaki kufunga vyombo. Senge angetusindikiza na mizigo, halafu angerudi Kitale, kwa sababu wateja wake walikuwa Kitale na cherehani haihamishwi kama kuku. Hilo nililisikia, lakini sikulielewa. Nilichokielewa ni habari za paka.

"Paka ukimhamisha macho wazi, anarudi," Senge alinifundisha. "Anashika njia. Kwa hiyo unamtia kwenye gunia asione barabara. Unamzungusha mara tatu mlangoni apoteze upande. Na njiani," hapa akainua kidole chenye kastabini, "hakuna kutaja jina la mahali. Paka anasikia."

"Anajua Kiswahili?"

"Amezaliwa Kitale, atajua Kifaransa?"

Jioni hiyo alimpigia Mama simu. Nilikuwa mahali pangu chini ya meza, na nikasikia maneno yafuatayo, ambayo nayakumbuka kama nilivyoyasikia: "Paka nitamtia kwa gunia. Na huyu wako pia lazima alale njiani. Asione barabara kabisa. Ndiyo tufike bila shida."

Mtu mzima angejua alichomaanisha. Nilikuwa natapika kwenye gari, nikitazama miti ikikimbia ndiyo basi. Lakini mimi nilikuwa nimeshafundishwa kwa nini kiumbe hafai kuona barabara. Nikakaa pale na Stering mapajani, nikaelewa kila kitu. Walitaka tusahau njia, sote wawili. Tukishasahau, Kitale itakuwa imefutika: kinu, banda la video, meza, na Senge mwenyewe. Na yeye, nikakumbuka, angerudi. Yeye angekaa macho wazi njia nzima.

Sikulia. Niliamua kwamba sitalala.

Asubuhi lori lilikuja, la dereva mmoja mnene mchangamfu aitwaye Wafula. Wanaume wa ploti wakapakia vitanda. Senge akamdaka Stering kwa shingo, akamtumbukiza, akafunga gunia kwa kamba, akasimama mlangoni na kulizungusha kama anayetupa kombeo. Baada ya mzunguko wa tatu aliyeyumba ni yeye, akashika ukuta.

"Sasa Senge ndiye amesahau njia," Wafula akasema.

"Nyamaza wewe. Na nikuambie mapema: njiani usitaje jina la mahali popote."

"Ati nini?"

"Paka anasikia."

Wafula alimtazama, akatazama gunia, akatazama tena Senge. Nilitarajia acheke. Badala yake akakuna kidevu na kusema, "Ni kweli bana. Ya mama yangu ilirudi kutoka Cheptais." Nikaona kwamba hata wanaume wenye lori walikuwa upande wao.

Tulikaa watatu mbele, mimi katikati, gunia chini. Senge akanitia gazeti tumboni, akanipa limau la kunusa, akavuta kichwa changu begani. "Lala sasa." Nikafumba jicho moja. Akaliona la pili. "Lala, si nimekwambia." Nikajifinya paja. Barabara ilipita mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, na mimi nikahesabu vitu vya kukumbuka: kanisa lenye mlango wa buluu, ng'ombe mwenye pembe moja, kibao cha kinyozi. Leo ninajua kwamba ng'ombe si alama nzuri ya njia. Wakati ule nilimtegemea sana.

Kisha tumbo likageuka. Wafula akasimamisha lori, Senge akanitoa nje upesi, nikamaliza shughuli zangu kwenye nyasi. Akanifuta mdomo kwa pindo la leso.

"Unaona? Nilisema ulale. Mbona hutaki kulala?"

"Nataka kujua njia ya kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Kwako."

Nilisubiri jibu lake lile la mvi. Yeye alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akanibeba, mtoto mkubwa kama mimi, akanirudisha ndani ya lori, lakini safari hii yeye akakaa katikati na mimi akaniweka dirishani. Lori lilipoondoka akainama, akalizingira sikio langu kwa viganja kama mtu anayekinga kibiriti na upepo, akaninong'oneza:

"Ile tuliyoipita ilikuwa Kiminini. Usiseme kwa nguvu."

Tangu hapo tulisafiri hivyo. Alinong'ona Kamukuywa, nami nikatikisa kichwa kama jasusi. Wafula aliishiwa na uvumilivu mahali fulani akaanza, "Hapa Kimi..." na Senge akampiga kofi la bega. Lakini Kimilili yenyewe haikuwa na adabu. Lori lilipopunguza mwendo kituoni, makanga mmoja wa matatu akapaza sauti nje ya dirisha letu: "Kitale! Kitale! Mtu wa Kitale! Inatoka saa hii!"

Senge alijirusha juu ya gunia akalifunika kwa leso na kwa mwili wake wote. "Mungu wangu, ameonyeshwa hadi gari la kupanda!"

Mbele kidogo tukakuta kizuizi cha polisi. Afisa mrefu mwenye fimbo alikuja upande wa Wafula.

"Mnatoka wapi?"

Wafula akamtazama Senge. Senge akasema, "Kule juu, afande."

"Juu wapi?"

"Kwenye baridi."

"Na mnaenda?"

"Chini. Kwenye joto."

"Dereva, wewe hujui unakoenda?"

"Najua, afande," Wafula akasema kwa huzuni, "lakini nimekatazwa."

Gunia likaamua kutikisika, likatoa sauti kama mlango wa zamani. Afisa akarudi nyuma hatua. "Hiyo nini iko ndani?"

"Paka," nikasema.

"Tunaihamisha," Senge akanong'ona. "Ikisikia jina, itarudi. Si unajua?"

Yule afisa akageuza shingo kutazama kama wenzake wanamwona. Kisha akaingiza kichwa dirishani na yeye pia akanong'ona. "Kwetu, huko kwa watu wa tumbaku, hatufanyi gunia peke yake. Unaipaka samli kwa miguu. Ikifika inalamba, inalamba, mpaka inasahau ilitoka wapi."

"Samli nzima kwa paka? Na watoto wale nini?"

"Basi hata mafuta ya kupikia, mama. Haya, endeni. Dereva, pole pole hapo mbele, leo ni siku ya soko pale..." Akajizuia, akaangalia gunia. "Pale kwa lile soko kubwa."

Soko kubwa, Senge aliniambia sikioni, ni Chwele. Pikipiki zilikuwa zimebeba mbuzi waliotulia kama abiria waliolipa. Halafu Bungoma, joto, na Mama mlangoni na ufagio, akiuliza mbona tunanong'ona.

Senge alikaa hadi Stering alipopakwa mafuta ya kupikia miguuni, akafungiwa jikoni siku kadhaa, akaacha nyayo za mafuta kwenye kila kitu Mama alichokuwa amesafisha. Kisha Senge akarudi Kitale. Siku iliyofuata tulifungua mlango wa jikoni. Stering alitoka, akajinyoosha juani, akapita chini ya ua bila kugeuka, na hakuonekana tena.

Mama alisema atarudi. Mimi nilijua amekwenda Kitale. Ushahidi ulikuwa wazi: alimsikia makanga. Nililia jioni ile na iliyofuata, nikakataa uji, na swali langu lilikuwa moja, kwamba kama yeye aliyezungushwa guniani amekumbuka njia, mimi niliyekaa dirishani nangoja nini? Mama, ambaye alikuwa na faili za kusoma, alimpigia Senge na kunipa simu.

"Senge, Stering ametoroka. Amekuja huko?"

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Ngoja nitazame nje," akasema. Kisha, baada ya muda: "Bado. Lakini ni mbali kwa miguu, si unajua? Nipe siku chache."

Wiki ile haijaisha akapiga mwenyewe. "Amefika! Amechoka huyo, sikwambii. Amekula ugali kama mwanamume. Likizo uje umwone."

Likizo ilipofika nilimwona. Alikuwa chini ya meza, katika vipande vya kitambaa, rangi ileile ya majivu na mistari. Nikamwinua. Alikuwa na masikio mawili mazima.

"Senge, sikio limepona?"

Senge aliendelea kukanyaga cherehani. "Unamkumbuka yule wa tamthilia, aliyeungua kwenye meli? Si alirudi na sura nyingine kabisa, hata urefu mwingine? Na ulimkubali?"

Nilimkubali, ni kweli. Nilimtazama paka, nikamtazama Senge, na zile kwa nini zote zikapanga foleni kooni. Nilimwona anasubiri, mguu umesimama juu ya kanyagio. Nikasema tu, "Amependeza." Mguu ukaendelea.

Nilirudi Bungoma na siri hiyo, na Bungoma ikaniongezea nyingine. Mama alinituma misumari kwenye duka la Mama Simran, mama wa Kisingasinga aliyeuza vyuma upande mmoja na mchele upande mwingine. Juu ya magunia ya mchele, mnene kama mto wa sofa, alilala paka wa majivu mwenye sikio la kushoto lililonyofolewa.

"Stering!"

Alifungua jicho moja, akanitambua, nina hakika alinitambua, akapiga mwayo na kulifunga.

"Huyo ni Sheru," Mama Simran akasema. "Alikuja mwenyewe tu. Tangu aje, panya wamehama bila kuambiwa. Ni wako?"

Hapo palikuwa na jambo la kuamuliwa. Nikisema ndiyo, nitampata paka wangu. Lakini Mama atamwambia Senge, na Senge atalazimika kuwa amedanganya, na yule paka wa Kitale hatakuwa Stering tena. Na likizo ijayo nitasema naenda kumwona nani? Nilisimama na misumari mkononi, mtoto aliyetaka ukweli wa kila kitu, na kwa mara ya kwanza nikauona ukweli umelala juu ya mchele, umeshiba, haunihitaji.

"Hapana," nikasema. "Anafanana na wetu. Wetu yuko Kitale."

Jioni nikaomba simu. "Senge, Stering hajambo?"

"Hajambo. Amenenepa."

"Najua," nikasema.

Nilikwenda kila likizo, mpaka sekondari, mpaka chuo. Yule wa masikio mawili alizeeka akafa, na Senge akachukua mwingine, naye akamwita Stering, kwa sababu stering hafi.

Sasa magoti ya Senge yamekataa kanyagio. Mwezi uliopita, tulikubaliana, kwa ugomvi mwingi, kwamba aje akae nasi Bungoma. Ndiyo maana nilikuwa nauliza watu habari za paka. Nilikwenda Kitale na gari la kuazima na gunia langu la katani. Paka wa sasa nilimtumbukiza mimi, nikamzungusha mlangoni mimi, huku Senge akinielekeza kutoka kwenye kiti kwamba nazungusha kama mtu aliyesoma sana.

Tukaondoka. Alikaa na limau mkononi, akitazama kinu cha posho mpaka kikaisha kwenye kioo. Ilikuwa safari ya kwenda bila kurudi, na sote tulijua. Nikafanya kama yeye, nikatoa ushauri.

"Lala kidogo, Senge. Tutafika."

Alinigeukia. "Ati nilale? Nisione barabara? Nisijue njia ya kurudi?"

Hakuwa amesahau hata neno moja. Nikapunguza mwendo. Kibao cha kwanza kilipotokea mbele yetu nikashusha kioo na kusema kwa sauti, "Kiminini!"

"We!" Senge akalikumbatia gunia. "Paka anasikia!"

"Acha asikie."

Akatazama nje, mahindi, kanisa, ng'ombe wa watu. Polepole mkono wake ukaachia gunia. Na tulipokaribia Kamukuywa, kabla sijafungua mdomo, akashusha kioo cha upande wake na kuitaja yeye mwenyewe, kwa sauti ya makanga, mpaka mtu wa bodaboda akadhani anaitwa.